Aliyebaki Ziwani

Akiwa na miwani ile kubwa usoni, Thongin alisimamisha kasia asilokuwa nalo, akajisogeza ukingoni mwa kitanda kama anayempisha mtu aketi.

Mkewe, Bualai, alicheka, kwa mara ya kwanza tangu mumewe apate ajali na kuingizwa wodi ya wagonjwa mahututi. Ratri, binti wa mazoezi ya viungo, alikuwa amemweleza kwamba ndani ya miwani mgonjwa huona ziwa lililotengenezwa kwa kompyuta, na akipiga kasia, mikono iliyonyong'onyea hupata nguvu tena. Bualai akamtania mumewe, amepakia abiria gani?

"Mama mmoja," Thongin alinong'ona. "Amechoka. Anataka nyumbani."

Ratri akainamisha uso. Mama wa namna hiyo alikuwa amevaa miwani hiyohiyo, akafia kitanda hichohicho, na hakuna ndugu aliyekuja kuiita roho yake.

Siku ya kuruhusiwa, Bualai alifanya kama wafanyavyo watu wote wa Isan, kaskazini-mashariki mwa Thailand. Alileta wavu mdogo wa kuvulia, yai la kuchemsha na tonge la wali wa kunata, akachota hewa juu ya kitanda huku akiibembeleza roho ya mumewe isibaki hospitalini. Wavu hufunikwa kwa shati la mgonjwa, roho ipate kujua kwake. Shati la Thongin lilikatwa kwa mkasi siku ya ajali, basi Bualai akafunika kwa gauni la hospitali, na limevaliwa na wangapi hakuuliza. Haraka haraka haina baraka, lakini masikini, nani asingekuwa na haraka?

Nyumbani chumba kikaanza kunuka tambuu, na Thongin hakuwahi kutafuna tambuu. Kisha alfajiri moja Bualai akasikia wimbo wa kumlaza mtoto ukiimbwa taratibu ndani ya chandarua, akakifunua, akamwona mumewe ameupakata mto, anaupapasa, machozi yanamtiririka, na sauti iliyotoka katika kinywa kile alichokizoea ilikuwa ya mwanamke.

"Samahani, dada. Uliniita, nikaja."

Mzee Phan, mwita roho wa kijiji, alimfunga Thongin mkononi nyuzi nyeupe za kuishikilia roho mwilini, zikakatika zote. Alisema kumtoa huyu si kazi, ila mwili mtupu haupumui.

"Kamlete kwanza mwenye mwili, mwanangu."

Bualai alirudi hospitalini amekumbatia shati la Thongin la harusi. Ratri alianza kulia kabla hajaulizwa.

"Lile ziwa tulilifuta, dada. Wagonjwa walikuwa wanaogopa. Kulikuwa na mwanamume mtumbwini, anaita."

"Anamwita nani?"

Ratri alishindwa kumtazama. "Wewe."

Bualai aliporudi nyumbani alikuta wali umeshaiva. Yule aliyevaa uso wa mumewe alikuwa ameketi mkekani, miguu kaikunja ubavuni kama waketivyo wanawake, akimngoja.

"Niende sasa?"

Bualai alikitazama kile kifua. Kilikuwa kinapanda na kushuka, na moyo uliodunda mle ulikuwa bado wa Thongin.

"Kula kwanza, dada," alisema, akamsogelea, akalaza sikio pale.