Sauti ya Mzee Githae

Kila Ijumaa jioni, sebule ya kina Mbinya huko Ruiru ilijaa nyaya. Mama yake, Mbithe, alitengeneza video kwa kujitegemea. Hakuwa na ofisi wala bosi. Watu walimpigia simu, huyu akitaka harusi yake ipigwe video, yule akitaka mkulima ahojiwe kuhusu kahawa, naye akabeba kamera yake akaenda. Kazi aliyoipenda kuliko zote ni mahojiano. Angemkalisha mtu kwenye kiti, amuulize swali moja dogo tu, na mtu huyo ajikute anaeleza mambo ambayo hata watu wa nyumbani kwake hawajawahi kuyasikia.

Mbinya alikuwa na miaka kumi na miwili, na siku za Jumamosi yeye ndiye aliyeshughulikia sauti. Usidhani hiyo ni kazi ya mchezo. Mtu anayehojiwa alibanwa maiki ndogo kwenye kola, na waya wake ukaingia kwenye kisanduku kilichofichwa mfukoni. Kisanduku kile kilirusha sauti hadi kwenye kinasa sauti alichokishika Mbinya. Yeye alivaa hedifoni na kusikiliza. Akisikia mbwa akibweka au shati likikwaruza maiki, alipaswa kuinua mkono ili mama yake asimamishe mahojiano.

"Mimi nikiwa nahoji, masikio yangu ni wewe," mama yake alizoea kumwambia. Mbinya alivimba kichwa kila aliposikia maneno hayo.

Ijumaa moja, mama yake akiwa jikoni anakoroga muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, alimuuliza, "Mbinya, umebadilisha betri za kisanduku cha maiki?"

Mbinya alikuwa amejilaza kwenye kochi na simu mkononi, na mchezo ulikuwa umefika mahali patamu. "Nishabadilisha, Mum," alijibu bila hata kuinua macho.

Hakuwa amebadilisha. Alinuia kufanya hivyo mchezo ukiisha, lakini ulipoisha chakula kilikuwa kimeiva, na baada ya chakula usingizi ukamchukua. Asubuhi walitoka mbiombio. Alipoziona zile betri mbili mpya juu ya meza, alizitia kwenye mfuko wa sweta. Nitaziweka tukifika Thika, alijiambia.

Siku hiyo walikuwa wakienda kumhoji Mzee Githae, mzee wa miaka themanini na mmoja aliyefanya kazi maisha yake yote kwenye kiwanda cha nguo. Aliyewaita ni kitinda mimba wake, Tabby, mwalimu wa shule ya msingi. Kwenye simu Tabby hakuwa na maneno mengi. Baba yake alikuwa na uvimbe kooni. Angefanyiwa upasuaji Jumatatu, na daktari alikuwa amewaambia waziwazi kwamba huenda sauti yake isirudi.

"Tuna watoto ambao bado hawajazaliwa," Tabby alisema. "Nataka nao wamsikie."

Walipofika, Mzee Githae alikuwa tayari ameketi, amevaa koti lake la kanisani na kunyoa ndevu vizuri. Mbinya alimsalimu, "Habari ya asubuhi, Guka," yaani babu, naye mzee akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Kabla Mbinya hajapata nafasi ya kutoa betri, mama yake alikuwa ameshachukua kisanduku, akakiwasha na kukitia kwenye mfuko wa koti la mzee. Taa ya kijani ikawaka. Nyuma ya nyumba fundi wa mageti alikuwa akikata vyuma mara kwa mara, lakini kupitia maiki ya kola sauti ya mzee ikaingia kwenye hedifoni safi kabisa, mpaka pumzi zake zikasikika. Mbinya akatulia. Mbona betri zenyewe bado ziko sawa, alijiambia.

Mahojiano yalianza kwa kusuasua. Mbithe alikuwa na desturi ya kuitikia kwa kichwa tu mtu anapoongea, asitoe sauti, kwa sababu sauti yake ingechanganyika na ya mhojiwa. Lakini Mzee Githae alilelewa kwamba mtu mzima anapozungumza, anayesikiliza huitikia. Kila baada ya maneno machache alinyamaza kungoja "eeh" ambayo haikuja.

"Mama, unanisikia kweli?" aliuliza mwishowe. "Ama nimekukosea?"

Tabby alicheka, Mbithe akaomba radhi na kueleza. Mzee alikubali, ingawa alitazama ile kamera kama mgeni asiyejua kusalimu. Hata hivyo, alipoulizwa kuhusu marehemu mkewe, Nyawira, uso wake ulibadilika. Alianza kueleza jinsi alivyokuwa akimsindikiza jioni baada ya zamu, na wimbo aliokuwa akimwimbia njiani ili asiogope giza.

Hapo ndipo hedifoni zilipotoa mlio mdogo, kisha kimya.

Mbinya alitazama kinasa sauti. Vile vijistari vinavyopanda na kushuka mtu anapoongea vilikuwa vimelala chini. Aliiona midomo ya mzee ikicheza, na sauti yake ikamfikia kwa mbali tu kupitia hedifoni zilizomziba masikio. Betri zimekufa, aliwaza. Na betri mpya ziko papa hapa, mfukoni mwangu. Kuinua mkono, kuzibadilisha na kuendelea kungechukua dakika moja tu.

Mkono haukuinuka. Angeinua, mama yake angeuliza, na lile neno "nishabadilisha" lingejulikana kuwa uongo mbele ya wageni. Aliona haya. Alijiambia angoje mzee amalize sentensi. Mzee akamaliza, akaanza kuimba, na Tabby akajifuta macho kwa upindo wa leso. Mbinya akajiambia angoje wimbo uishe. Wimbo ukaisha, akangoja tena. Msomaji, ukishaanza kungoja namna hiyo, kila dakika inakuwa ngumu kuliko iliyotangulia. Dakika ishirini zilipita.

"Asante sana, Mzee," Mbithe alisema hatimaye. Akamgeukia bintiye. "Umepata yote?"

Mbinya alitikisa kichwa kukubali. Huo ukawa uongo wa pili.

"Basi bado jambo moja. Naomba kila mtu akae kimya kwa nusu dakika, nirekodi ukimya wa chumba hiki. Utanisaidia kuunganisha vipande nikifika nyumbani."

Wote wakanyamaza; hata mashine ya fundi kule nje ilikuwa imetua. Tabby aliweka kikombe chini polepole kisigonge meza. Mzee Githae alikunja mikono magotini na kumtazama Mbinya, kisha akamtabasamia, jinsi mtu anavyomtabasamia aliyemfanyia wema mkubwa. Mbinya alisikia moyo wake ukidunda ndani ya zile hedifoni zisizotoa kitu. Aliwaza kwamba Jumatatu ingefika, na mzee huyu angeingia chumba cha upasuaji akiamini kwamba wajukuu wake wameachiwa sauti.

"Mum," alisema, akivua hedifoni. "Mimi sijapata. Betri zilikufa Guka alipoanza kuongea kuhusu Cucu Nyawira. Sikuzibadilisha jana. Nilikudanganya."

Mbithe alivaa hedifoni, akasikiliza, kisha akarudisha video nyuma na kusikiliza maiki ya kamera yenyewe. Sauti ya mzee ilikuwemo, lakini mashine ya yule fundi wa mageti ilikuwa imemeza maneno karibu yote.

"Jamani," Tabby alisema, uso umemwiva kwa hasira. "Daktari alisema asiongee zaidi ya saa moja. Sasa tutafanyaje?"

"Betri ziko wapi?" Mbithe alimuuliza bintiye kwa sauti ya chini.

Mbinya alizitoa mfukoni. Mama yake alizitazama kwa muda mrefu, na kutazama kule kulimuuma Mbinya kuliko kama angegombezwa.

Mzee Githae ndiye aliyeingilia kati. Aliomba maji ya uvuguvugu, akanywa taratibu, akakohoa. "Tabby, punguza hasira. Bado nina robo saa ndani ya koo hili. Ila safari hii sitaki kuongea na mtu asiyeniitikia. Msichana huyu aketi hapo mbele yangu, nimwambie yeye."

Mbithe aliweka betri mpya, akakijaribu kisanduku, kisha akatoka nje kumwomba fundi apumzike kidogo. Aliporudi, alimnyoshea Mbinya hedifoni.

"Avae mtu mwingine, Mum," Mbinya alisema huku akilia. "Mimi nimeharibu."

"Umeharibu, ndiyo," mama yake alijibu. "Lakini umeniambia mwenyewe kwamba hukusikia kitu. Sasa ukiniambia unasikia, nitakuamini. Vaa."

Mbinya aliketi kwenye kiti cha mama yake, hedifoni masikioni, kinasa sauti magotini. Sauti ya mzee ilimwingia karibu sana. Ilikuwa imechoka na kukwaruza, lakini alipotua, Mbinya aliitikia "eeh, Guka" bila kufikiri, na nyuma ya kamera mama yake hakumkataza. Mzee akachangamka. Alisimulia tena habari za Nyawira, na mara mbili akacheka katikati ya maneno yake.

"Na ule wimbo, Guka?" Mbinya aliuliza.

Mzee alitikisa kichwa. "Wimbo nimeshauimba. Koo hili haliwezi tena."

Mbinya aliinamisha kichwa. Mzee alimtazama kidogo, akapitisha kiganja usoni, akasema, "Badala yake nitakwambia jambo ambalo sikupanga kulisema leo wala siku nyingine."

"Eeh."

"Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilisimamia mashine ya kufuma. Siku moja uzi ulikatika, na mimi sikuona, kwa sababu nilikuwa dirishani nikiongea na huyohuyo Nyawira. Niliporudi, nilikuta mstari umeanza kuonekana kwenye kitambaa. Ningesimamisha mashine na kumwita msimamizi, tungepoteza kipande cha upana wa kidole. Nikaona haya. Nikaiacha iendelee, nikitumaini hakuna atakayeuona. Saa ya zamu ikafika, nikamwachia mashine rafiki yangu Mbaluka."

"Eeh, Guka."

"Jora zima liliharibika. Msimamizi alipouliza, aliyekutwa kwenye mashine ni Mbaluka. Alirudishwa kwao Matuu kwa majuma mawili bila mshahara, na alikuwa na mtoto mchanga. Nami nilikuwepo pale nikiinamisha kichwa. Aliporudi, alinisalimu vilevile kama zamani. Amekufa bila kujua. Nyawira pia hakujua. Wewe Tabby ndiyo kwanza unasikia sasa hivi."

Tabby alikuwa amesimama mlangoni. Alisogea polepole akaketi mkekani karibu na miguu ya baba yake.

"Mtoto huyu amekaa na jambo lake dakika ishirini, akashindwa kulibeba, akalisema," mzee aliendelea, na sauti ilikuwa imeanza kumkatika. "Mimi langu nimekaa nalo miaka hamsini na minane. Wajukuu wangu, uzi ukikatika mikononi mwenu, semeni umekatika. Semeni papo hapo, hata kama mmeona haya. Mashine haiwangoji."

Alinyamaza. Mbinya aliangalia vile vijistari vikishuka taratibu, akamgeukia mama yake. "Nimepata, Mum. Yote."

Walipoaga, Tabby alimkumbatia Mbinya kwa nguvu. Nje ya geti mama yake alisimama, akatua begi la kamera chini.

"Sikiliza vizuri," alisema. "Usije ukafikiri uongo wako umeleta heri. Ule wimbo umepotea, na hakuna fundi wa video atakayeurudisha. Kilichotuokoa ni kwamba ulisema wakati Mzee bado ameketi kwenye kiti. Ungeniambia tukiwa Ruiru, ningekuwa na picha ya mzee anayechezesha midomo."

"Samahani, Mum."

"Nimekusamehe. Na simu utaikosa mwezi mzima." Alimfuta machozi kwa kidole gumba, akabeba begi lake.

Alhamisi iliyofuata Tabby alipiga simu. Upasuaji ulikuwa umekwenda vizuri na mzee alikuwa anakunywa uji, lakini hakuwa na sauti, na madaktari walisema huenda mambo yakabaki hivyo. Aliongea kwa kuandika. Jambo la kwanza aliloandika, Tabby alisema, lilikuwa ombi: nakala moja ya video ipelekwe Matuu, kwa watoto wa Mbaluka.

Mbithe alikata simu, akaketi kando ya bintiye na kumweleza yote.

"Mzee anataka kuwaomba msamaha, na hawezi tena kutamka neno," alisema. "Ataomba kwa sauti uliyoinasa wewe. Mwanangu, kukosea tutakosea sote, hata mimi. Lakini sema mapema, wakati wa kurekebisha ungalipo."