Mahindi Meusi ya Bibi Crescencia

Kila Februari Maurilia na bibi yake, Crescencia, walikula chapati za mahindi kwa pilipili, kisha wakashika miuo yao ya kuchimbia na kwenda shambani. Katika milima ya Wamixteki, huko Meksiko, mvua hukatika Oktoba, isionekane tena mpaka Mei. Ndiyo maana hawapandi juu juu. Huchimba usawa wa goti, mpaka kwenye udongo mweusi uliotunza unyevu wa mwaka uliopita. Humo hutia konzi ya samadi ya mbuzi na punje nne.

Mwaka ule bibi aliumwa mgongo. Akamwachia Maurilia, wa miaka kumi na miwili, shamba la juu pamoja na mbegu zote za mahindi meusi alizoachiwa na marehemu mumewe. Siku hiyo hiyo kulikuwa na fainali ya mpira wa kikapu, na binamu yake Abundia alipita akimcheka.

"Chimba, fuko wee. Mechi tutakuja kukuhadithia."

Maurilia akachimba mashimo ya kina cha kiganja. Ili udongo uonekane mweusi, akaumwagia maji ya kibuyu, kisha akakimbilia mechi. Jioni bibi alikuja kutazama, akamsifu.

Mahindi yakaota, tena kabla ya ya jirani. Aprili jua likawaka sana. Ya jirani yalibaki kijani. Yao yakajikunja, yakafa. Bibi akafukua shina moja, akaikuta samadi kavu, vile vile ilivyotiwa. Maurilia hakungoja kuulizwa. Alisema yote, maji na mechi.

Bibi akasema, "Mzizi hauna meno, mjukuu wangu. Chakula chake hukinywa. Udongo ukikauka, mmea hufa njaa na samadi iko pale pale."

"Tutapata mbegu nyingine, bibi?"

"Jirani atatupa nyeupe. Njaa hatutalala. Ila meusi ya babu yako yalikuwa hayo tu."

Mei mvua ilinyesha, wakapanda nyeupe. Maurilia alichimba, akachimba, mpaka bibi akamshika mkono. Udongo ulikwisha lowa hadi juu; kina kile hakikuhitajika tena.

"Mimi ulinidanganya nikafurahi," bibi alisema taratibu. "Udongo haukudanganyika. Siku nyingine ukichoka, niambie umechoka, tupande nusu. Nusu ingetutosha kwa mbegu za mwaka ujao."