Malori Sita Kwenye Orodha

Hakuwa na bastola. Hakuwa na redio, maana Motorola yake iliishiwa betri saa nne asubuhi. Hakuwa na msaidizi, wala subira.

Subira ndiyo iliyomwishia kwanza.

Mpelelezi huyu walimwita Mwiba. Alisimama katika kibanda cha geti la bohari ya forodha, karani wa geti akiwa amefungwa kwenye kiti kwa waya wa chaja. Nje, Scania sita zilizojaa dawa bandia za watoto zilijipanga pua kwa mkia. Geti liliendeshwa na kompyuta: namba ya lori ikiwamo kwenye orodha, linafunguka lenyewe. Karani alikuwa amekula mlungula, akaingiza namba zote sita mfululizo.

Simu ikatetema. Mtaalamu wa kompyuta wa makao makuu.

"Nimeshazifuta, dada. Programu yangu ya Python imepita orodha nzima. Kaa unywe chai."

Lori la kwanza likasogea. Geti likakataa; lori likapisha kando.

La pili likasogea.

Geti likafunguka.

Mwiba alikibamiza kitufe cha dharura. Chuma kikashuka juu ya boneti kwa kishindo. Kitufe kile kingezuia kwa dakika tatu tu.

"Umefuta nini, wewe?"

"Zote! Labda mtandao. Niiendeshe tena?"

"Usiguse! Nisomee ulichoandika."

Akasoma. Pita orodha, namba moja baada ya nyingine. Ukikuta ya haramu, iondoe papo hapo.

"Kwani foleni hujawahi kupanga? Ukimtoa wa kwanza, wa pili anasogea kwenye nafasi yake. Wewe unapiga hatua kwenda nafasi ya pili, unamkuta wa tatu. Wa pili umemruka! Umetoa la kwanza, la tatu na la tano. Ukiendesha tena, la nne litabaki linakuchekea."

"Dada, mwaka jana ilikuwa programu hii hii, na hakuna aliyelalamika."

"Itume hapa." Mwiba akaivuta kibodi ya karani.

Mwaka jana. Shehena "iliyozuiwa yote". Mwezi uliofuata mpwa wake wa miaka mitatu alinyweshwa dawa ya homa iliyokuwa maji na rangi. Walimzika chupa haijafika nusu.

Karani akacheka. "Bi mkubwa, umekwisha. Madereva hao wanakuja."

"Funga bakuli lako."

Mlango ukaanza kupigwa. Mwiba akaandika upya mstari mmoja: programu ipite nakala ya orodha, iondoe kwenye orodha yenyewe. Nakala haisogei. Akabonyeza. Akahesabu kwa kidole kwenye kioo.

Zote sita zimetoka.

"Lete askari," aliiambia simu. "Na hao usiwaruke."

Bawaba zikang'oka. Dereva wa lori la pili aliingia na spana. Mwiba alimpiga stuli ya goti, akamkalia mgongoni mpaka ving'ora vilipofika. Kitufe kilipoachia, geti liliamka, likayatazama malori, likabaki limefunga.

Saa saba alikuwa posta, viatu vina vumbi. Alimwandikia Mkuu wake:

"Shehena ya mwaka jana haikuzuiwa. Nusu ilipita. Mlipongezana, hakuna aliyerudi kuhesabu. Dada yangu anastahili kujua kilichomuua mwanawe. Mwambie wewe kabla ya Ijumaa. Usipomwambia, nitamwambia mimi, mbele ya waandishi wa habari."

Akailamba gundi, akaibana bahasha kwa ngumi, akamsukumia karani wa posta.

"Kwa rejista, kaka. Asaini mwenyewe."

Muhuri ukagonga. Mwiba alikuwa ameshatoka.