Kitu Kinachotafuna Chumbani

Kila mchana, baada ya chakula, nyumba ya fundi cherehani ilitulia. Mume wake, fundi umeme, alikuwa kazini. Yeye alijilaza kitandani na bintiye mdogo. Mama mkwe alijinyoosha sebuleni.

Wateja walimwita Bi Pini, maana alishona huku amebana pini kwa meno. Hata uzi aliukata kwa meno. Mkasi ulikaa mezani umestarehe kama mgeni.

Lakini siku hizi, Bi Pini akiamka, mtoto hayupo. Alimkuta sebuleni, ameng'ang'ania gauni la bibi yake.

"Mbona umenikimbia, mwanangu?"

Mtoto alimtazama mdomoni tu.

"Chumbani kwenu kuna kitu kinatafuna," alisema mama mkwe. "Kra, kra, kama mfupa. Nikikusogelea ukaamka, kinanyamaza."

Bi Pini hakuwahi kukisikia. Alisogeza kabati. Akatega mtego wa panya, usinase hata mmoja. Lisemwalo lipo, akajiambia, na woga ukamwingia. Kumbe nyumba nzima inasikia, isipokuwa yeye.

Tena taya lilikuwa likimuuma. Asubuhi akifungua mdomo, liligonga, tak, na maumivu yakapanda hadi sikioni. Hilo hakumwambia mtu.

Siku moja mama mkwe alisema, "Mwanangu, nitaondoka na mjukuu wangu. Tutakaa kwa shangazi yake. Siwezi kumlaza mtoto na kitu nisichokijua."

Bi Pini alitaka kubisha. Taya likakwama. Mdomo ulifunguka kidogo tu, na maneno hayakutoka. Mtoto akamnyooshea kidole.

"Ni mama," alisema kwa sauti ndogo. "Kinatafuna ndani ya mama."

Bi Pini aliumia kuliko alivyoumwa na taya. Mtoto wake alikuwa akimwogopa yeye.

Wakati huo jirani yao alikuwa mlangoni, amekuja kujaribu sare yake. Alikuwa mtaalamu wa tiba ya viungo katika kliniki ya mtaa.

"Kaa, Bi Pini. Shusha mabega. Pumua taratibu." Akamgusa mbele ya sikio. Baada ya muda taya lililegea.

"Bibi, hakuna mzimu hapa," alisema jirani. "Anasaga meno usingizini, ndiyo maana hajisikii. Na mchana kutwa anabana pini. Kiungo cha taya kimechoka. Kesho njoo kliniki, Bi Pini. Daktari wa meno akuangalie kwanza. Tuna tiba ya mwanga mwekundu, huenda ikakusaidia."

Mume aliporudi na kusikia habari hiyo, alicheka. "Mwanga mwekundu? Mke wa fundi umeme akapange foleni kwa ajili ya taa?"

Alinunua balbu nyekundu, akafunga mapazia, akaining'iniza karibu na shavu la mkewe. Chumba kizima kikawa chekundu. Ukutani kivuli cha taya kilikuwa kikubwa kuliko mlango, na kilitetemeka. Mtoto alichungulia, akapiga kelele. Bi Pini akaruka. Shavu lilikuwa limeungua.

Asubuhi mama mkwe alimshika mjukuu mkono. "Nenda katibiwe, mwanangu. Ukipata nafuu, tutarudi." Bi Pini akalia, wala hakujificha.

Kliniki, daktari wa meno alimpima taya na kutazama meno yaliyolika. Alitazama pia shavu, akasema lipone kwanza. Lilipopona, jirani alimvisha miwani ya kukinga macho. Akaweka kifaa kidogo kama kalamu juu ya kiungo. Chumba kilikuwa kimya kabisa. Bi Pini alisubiri joto.

"Mbona sisikii kitu?"

"Ndivyo inavyotakiwa. Huu ni mwanga wa aina maalumu, wa nguvu ndogo, na umepimwa. Hauunguzi. Unaweza kupunguza maumivu. Balbu ya nyumbani haina kipimo hicho."

Mume, aliyekuwa amemsindikiza, alitazama viatu vyake.

"Nitapona leo?"

"Hapana. Utarudi mara kadhaa. Wako wanaopata nafuu na wako wasiopata. Na ukirudi kubana pini, tutakuwa tunatwanga maji kwenye kinu. Midomo ifunge, lakini meno yaachane. Kula vyakula laini kwa sasa. Uzi ukate kwa mkasi."

Daktari alimtengenezea kinga ya meno ya kuvaa akilala. Bi Pini alichomeka pini kwenye kitambaa alichokifunga mkononi. Mwanzoni aliona shida. Mara nyingi alijikuta amebana meno bila kitu, akayaachia. Wiki zilipita. Maumivu yalipungua, mdomo ukafunguka vizuri. Tak ilisikika mara mojamoja, lakini haikuuma.

Mama mkwe akarudi na mtoto. Mchana ulipofika, mtoto alisimama mlangoni mwa chumba, hakuingia. Bi Pini hakumwita. Alivaa kinga yake, akageukia ukuta na kufumba macho.

Alipoamka, mguu mdogo ulikuwa umemlalia tumboni. Mama mkwe alikuwa kitini, kando ya kitanda.

Bi Pini akatoa kinga yake. "Kimetafuna?" aliuliza.

"Nimesikiliza mpaka nikasinzia," alinong'ona mama mkwe. "Sema polepole. Utamwamsha mtoto."