Jani Lililotajwa Kapata

Asubuhi ile soko la Manika, mjini Kolwezi, lilikuwa limefurika. Godelieve, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa akinunua maandazi alipomwona mwalimu mwenzake aliyepaka viatu rangi mpaka vinang'aa, naye anaelekea kwenye mafunzo ya walimu ya porini, yale yale aliyokuwa akienda yeye. Godelieve alikaza kikwembe chake, kitenge cha njano. Ulimi ukamwasha.

"Maître, na bile biatu, unaenda ku pori ao ku ndoa?"

"Yote mbili, mama, kama weye unakubali."

Alijiita Stany tu, bila jina la ukoo. Wiki nzima wakaandamana nyuma ya mkufunzi wao, Tata Polycarpe. Migodi ilikuwa imeporomoka na shule hazina hata chaki, hivyo walimu walijifunza kufundishia nje: hesabu kwa kokoto, jiografia kwenye vilima vya shaba visivyoota miti. Mapenzi hayakuhitaji mkufunzi.

Siku moja, pembeni mwa mtaa wa Kapata, Tata Polycarpe alimwomba kila mwalimu ashike jani, alitaje kama mama yake anavyoliita. Stany alisita. Godelieve akamchokoza aseme, asione haya. Akalitaja kwa lugha ya Kasai, na wenzao wakaanza kujitenga naye. Ulikuwa mwaka wa Wakasai, watu wa mkoa wa Kasai, kufukuzwa mjini. Hata waliozaliwa Kolwezi, kama Stany, waliambiwa si kwao.

Kesho yake vijana wenye marungu walivunja mlango wa kina Stany. Godelieve aliposikia, alikimbilia stesheni. Familia zilizofukuzwa zilikuwa zimelala pale chini zikingoja treni ya kwenda Kasai. Alimkuta Stany, shati limechanika, kando ya mama yake, Mama Ntumba. Stany hakumtazama.

"Ni weye ulibaambia," alisema.

"Nilikusukuma useme, ni kweli. Sikujua. Lakini kama ni mi niliyebaambia, ningelikuja huku?"

Stany akainua macho, akalia waziwazi. Nje ya lango vijana walikuwa wakiimba, na sauti zao zilikuwa zinakaribia. Godelieve aliitambua sauti ya kaka yake miongoni mwao.

"Rudia ku nyumba, Gode. Kule kwetu batakuuliza kwenu ni wapi."

"Naogopa, Stany. Lakini nikirudia, nitaogopa peke yangu. Unioe hapa, mbele ya mama."

Mama Ntumba akasogeza sufuria zake, akamwachia Godelieve nafasi kwenye mkeka kando ya mwanawe.