Msamaha wa Melkizedeki

Maiti ya Melkizedeki ilikutwa asubuhi ukingoni mwa ndiva, bwawa la udongo ambamo watu wa Mhezi hukusanya maji ya kumwagilia mashamba. Alilala kifudifudi, fimbo yake ya kutembelea kando, kisogo kimepasuka. Mwaka ulikuwa 1966.

Inspekta Kassimu alipofika na Landrova kutoka Same, kijiji kilikuwa kimekwisha kumpata muuaji. Athumani, kibarua aliyetoka mashamba ya mkonge huko bondeni, alifungwa kamba kwenye nguzo ya ofisi ya kijiji. Juzi alitukanana na marehemu wakinywa dengelua, pombe ya miwa. Hakuwa na ndugu pale wala wa kumtetea, na kwa wavivu wa kufikiri ushahidi ulikuwa umetimia.

"Ulimuua?"

"Sikumuua, afande. Nilimtukana tu."

"Watu hunyongwa kwa kosa hili."

"Najua, afande. Ndiyo maana natetemeka."

Kassimu akaenda ndivani. Alikuwa mtu wa Pangani, mambo ya mifereji hakuyajua hata kidogo, kwa hiyo hakuona haya kuuliza. Mjane, Hedwiga, alikuwa amesimama pale, akiliwazwa na jirani yao Eliaichi, mzee aliyevaa koti kuukuu la jeshi, mkono mmoja mfukoni.

"Mama, zamu ya maji leo ilikuwa ya nani?"

"Ya mume wangu. Alitoka alfajiri kuzibua."

"Na alizibua?"

"Alizibua. Mfereji umelowa mpaka kwenye migomba yetu."

"Basi mbona bwawa limejaa na tundu limezibwa?"

Watu wakatazamana. Hakuna aliyekuwa ameliona hilo. Mtu wa Mhezi akikuta maji yanapotea huyaziba, hajiulizi, kama vile wewe unavyofunga mlango ukitoka.

"Nani aliziba?"

Kassimu akapiga magoti. Tundu lilizibwa kwa gogo la mgomba na udongo, ukashindiliwa kwa kiganja. Alama ilionekana wazi: dole gumba na vidole viwili. Viwili vya mwisho havikuwepo.

Mikono ya Athumani ilikuwa na vidole vyote.

"Mfungueni," alisema Kassimu. Kisha akamgeukia mwenye koti. "Mzee, naomba uutoe huo mkono."

Eliaichi aliutoa polepole. Vidole vilikuwa vitatu.

Athumani hakungoja kuombwa radhi, na kwa kweli hakuna aliyekuwa na mpango huo. Aliteremka mlima akisugua viwiko.

Ofisini, Kassimu alimkalisha Eliaichi kitini.

"Wewe na marehemu mlikuwa askari wa Keya pamoja, kwenye vita vya Mwingereza?"

"Pamoja. Mpaka Burma."

"Halmashauri mwaka huu imewasamehe kodi ya nyumba wazee, vilema na askari waliojeruhiwa. Uliomba?"

"Tuliitwa siku moja. Bwana wa kodi aliutazama mguu mbovu wa Melkizedeki, akasema huyu asamehewe. Akatazama mkono wangu, akasema vidole viwili havimzuii mtu kushika jembe."

"Ukakasirikia kodi."

"Kodi nimelipa miaka yote, ningelipa tena. Diwani alimsimamisha Melkizedeki mkutanoni. Akasema, huyu ndiye shujaa wetu. Watu wakapiga makofi, na mimi nyuma nikapiga kwa mkono huu huu. Vidole vyangu vilikatwa na risasi nikimtoa yeye. Nilimbeba mgongoni porini mpaka kwa daktari. Na pale mkutanoni yeye hakusema neno. Nilipofika nyumbani mke wangu akaniuliza, kwani wewe vitani ulikuwa mpishi?"

"Leo ukamfuata."

"Nilimwomba aseme mbele ya watu nani alimbeba. Akanijibu, mwenye mguu mbovu ni mimi. Wivu ukanipanda kichwani, nikampiga kwa mpini wa jembe."

"Kisha ukaziba maji?"

"Yalikuwa yanakwenda bure, bwana."

Hedwiga alikuwa mlangoni. Polisi walishindwa kumfukuza.

"Kwangu alikuwa akisema," alisema. "Kila mvua ilipoanza na mguu ukamuuma, alisema Eliaichi alinibeba."

Eliaichi aligeuka. "Mbona mkutanoni alinyamaza?"

"Alikuonea wivu, shemeji. Akikaa nje akakuona unapanda mlima na mzigo wa kuni begani, siku hiyo hagusi chakula. Alisema yule anacho kila kitu, sifa hii moja niachieni."

Eliaichi alifunika uso kwa mkono wenye vidole vitatu, akalia mbele ya askari bila kujali. Kassimu, ambaye hakupenda kulia wala kuliliwa, alimwacha mpaka akamaliza, ndipo akamtia pingu.

Mwili ulikuwa ungali ndivani. Eliaichi aliomba jambo moja kabla ya kushushwa Same, afunguliwe kidogo ambebe Melkizedeki mpaka nyumbani kwake.

Kassimu akamtazama mjane.

Hedwiga akakataa.