Maua ya Peari Hayangoji

"Dada, umekalia peari zangu."

Miran aliruka kama aliyechomwa. Stesheni ya Yongsan, Seoul, ilifurika wasafiri wa sikukuu, naye, katika koti jekundu na viatu vya visigino, alikuwa amejipumzisha juu ya boksi la mkulima.

"Zimepondeka?"

"Mbili. Itabidi uzile." Kijana akacheka, akamenya moja. Maji yake yakamtiririka Miran hadi kiwikoni. Utamu ule!

Kijana huyo, Gyuho, mkulima wa Naju kusini mwa Korea, hakuwa mtu wa kuinamisha kichwa. Bei ya peari ilipoanguka na majirani wakauza mashamba, yeye na mama yake walifungua vyumba vitatu vya wageni. Watu wa mjini wakaja kuchuma, kula mezani pao na kulala juu ya sakafu yenye joto. Shamba likanusurika. Miran naye akaenda, akarudi, akarudi tena. Safari ya tatu hakufuata peari.

Lakini siku ya kupogoa miti, aliposhika mkasi, Gyuho alimpokonya.

"Acha, mpenzi. Mikono yako ni ya saluni. Kaa unywe chai kama wageni wengine."

"Kama wageni wengine?"

Siku hiyo hiyo Miran akapanda treni kurudi Seoul. Majuma saba Gyuho alipiga simu bila kujibiwa. Aprili, Miran akapokea.

"Unataka nini, bwana wa nyumba ya wageni?"

"Maua yamefunguka. Nyuki wachache, na keshokutwa mvua. Kila ua lipakwe chavua kwa mkono, la sivyo halizai. Miran, nilikuficha kazi nikiogopa utaiona ukimbie. Nimekosa. Chai sina. Nina ngazi tu."

"Ngoja nifunge saluni yangu."

Kesho yake alikuwa juu ya ngazi, ndani ya suruali pana ya mama Gyuho, akipaka chavua ua kwa ua kwa kishada cha manyoya. Shamba zima lilikuwa jeupe. Gyuho, kwenye ngazi ya jirani, akamtazama mpaka akasahau kazi.

"Miran. Nikuoe?"

"Kwa mshahara gani?"

"Hakuna. Na likizo hakuna."

"Unajua kubembeleza, wewe!"

Mama akapaza sauti kutoka chini: "Nyie! Mvua haingoji posa! Amekubali, hajakubali?"

"Nimekubali, mama!" Miran akajibu, uso umejaa vumbi la njano. "Lakini mwambie mwanao ashike tawi lake, ananichelewesha."